Kutoa kucha za jeli nyumbani bila kung'oa ukucha wako: kwanza ujue umebandikwa nini

Mdogo wangu aligonga mlango kwangu Gungu jumapili usiku, saa tatu imeshapita, katoka harusini Ujiji na hina bado inang'aa mpaka kwenye viwiko, alafu vidole vitatu vya mkono wa kulia kavificha ndani ya kanga hataki nivione. Yeye ni nesi, jumatatu asubuhi anaingia zamu na kazini kwao kucha ndefu hazitakiwi, kwaiyo akiwa kwenye bajaji anarudi akaanza kuzitoa mwenyewe. Kwanza meno. Meno yakashindwa, akatoa kadi ya benki, akaipenyeza pale ukingo ulipoanza kuachia, akanyanyua, na kweli zikatoka, tena haraka tu. Kipande kimoja alikuwa nacho kwenye mkoba. Nikakigeuza upande wa chini nikamulika na simu, kulikuwa na utando mweupe umeng'ang'ania pale, mwembamba kama ganda la kitunguu saumu. Ule utando sio gundi wala sio jeli. Ule ni ukucha wake.

Nafanya kucha hapa Kigoma mwaka wa sita sasa na vidole vya hivi naletewa sana, hasa harusi zikiisha na siku chache kabla ya Ramadhani, na kila anayekuja anasema neno lile lile, jeli zimeniharibia kucha. Nawaelewa, unaona kucha ulizozaliwa nazo zimekuwa laini kama karatasi, ukigusa maji ya moto unaruka, lazima utafute wa kumlaumu. Lakini jeli iliyokaa kwenye ukucha imetulia haiui ukucha. Kinachoumiza mara nyingi ni namna ilivyotolewa, na ukiniuliza mimi nusu ya watu wanaitoa vibaya sio kwa uzembe, ni kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kitu kilichopo kwenye vidole vyao sio kile wanachodhani.

Maana neno lenyewe limechanganywa. Hapa kwetu mtu akikwambia "nina kucha za jeli" anaweza kuwa ana vitu vinne tofauti kabisa. Anaweza kuwa na jeli ya rangi, ile inayotoka kwenye chupa yenye brashi kama rangi ya kawaida ila inakaushwa kwenye taa, hizi zilisambaa sana kuanzia 2010 ilipoingia sokoni Shellac. Au ana jeli ya kujengea, wengi tunaiita bilda, nzito, inachotwa kwenye kikopo, inajenga urefu, na humo humo kuna bilda inayolainika kwa asetoni, ile dawa ya maji ya kutolea kucha, na kuna jeli ngumu isiyolainika hata ukiiloweka mpaka kesho. Au ana akriliki, kucha za unga, ile fundi anachovya brashi kwenye maji yenye harufu kali alafu kwenye unga anapata kidonge anakitandaza. Au ana tipsi tu za plastiki zimebandikwa na super glue na juu zimepakwa rangi. Zote zikimaliza kung'aa zinafanana! Na kila moja inatoka kwa njia yake, njia ya hii ukiipeleka kwenye ile ndo hapo unamaliza chupa nzima ya asetoni hamna kitu, hasira zinapanda, unachukua kisu.

Ili uelewe kwanini zinatofautiana fikiria nyavu, sisi watu wa ziwani hili halitupi shida. Jeli zote zikiwa mbichi ni vipande vidogo vidogo vinavyoelea, taa ikiwaka vinashikana vinafunga mafundo na kuwa wavu. Jeli ya rangi ni kama wavu wa macho makubwa, asetoni inapita kwenye matundu, wavu unavimba, unaachia pale uliposhika. Kwaiyo tukisema jeli inayeyuka sio sawasawa, haiyeyuki, inavimba na kubanduka kama rangi ya ukuta uliolowa. Jeli ngumu ni wavu wa dagaa, macho madogo na mafundo mengi, asetoni haipati pa kupita, ndio maana haitoki. Akriliki yenyewe ni kama rundo la kamba ndefu zilizosokotana bila mafundo ya kutosha, asetoni ikiingia katikati kamba zinateleza zinaachana, inakuwa ute mzito kama uji wa muhogo. Ukielewa hivyo utaona kwanini kuna ya kusubiri dakika kumi na tano, kuna ya kusubiri nusu saa na zaidi, na kuna ya kutosubiri kabisa.

Sasa utajuaje yako ni ipi? Njia rahisi kuliko zote ni kumuuliza aliyekubandika, na usione aibu, mpigie hata kama ni miezi imepita. Asipopatikana jikumbushe siku ile ulikaaje. Kama kulikuwa na unga na harufu iliyokuchoma pua na hukuweka mkono kwenye taa mpaka pengine mwisho kwenye rangi, hiyo ni akriliki. Kama uliingiza mkono kwenye taa mara tatu nne na kila kitu kilitoka kwenye chupa, ni jeli ya rangi. Kama ilichotwa kwenye kikopo na kucha zikatoka nene katikati, ni bilda au ngumu. Kama hamkukaa hata nusu saa na hukuona taa wala unga, ni tipsi na gundi.

Bado una wasiwasi? Jaribu kidole kimoja, kidole kidogo cha mkono usiotumia sana. Sugua juu mpaka mng'ao uondoke, weka pamba yenye asetoni, funga, subiri dakika kumi na tano. Ukifungua ukakuta imejikunja na kuinuka kama magamba hiyo ni jeli ya kuloweka. Ukikuta imekuwa ute unanata ni akriliki. Ukikuta iko vile vile, ngumu, imepauka tu, hiyo ni jeli ngumu na uache hapo hapo. Dakika kumi na tano za kidole kimoja zinakuokolea vidole tisa.

Asetoni yenyewe nayo ina mkanganyiko wake. Zile rimuva, dawa za kufutia rangi ya kucha, nyingi kwenye maduka ya urembo pale sokoni Mwanga ni za rangi ya kawaida, nyingine zimeandikwa kabisa kwamba hazina asetoni, na hizo kwenye jeli ni sawa na kupaka maji. Unachotaka ni asetoni tupu, soma karatasi ya chupa kabla hujalipa. Na tafadhali, thina ya fundi rangi sio asetoni, petroli sio asetoni, hata kama vinanukia kwa ukali ule ule, nimeshaona ngozi iliyochubuka kwa thina mwenye vidole anashindwa hata kukunja ngumi. Limao na chumvi, dawa ya meno, siki, hivyo havina madhara makubwa sana ila havitoi jeli, vinakupotezea muda tu alafu mwisho unaishia kubandua kwa nguvu.

Hapa kwenye asetoni naomba nikae kidogo maana ndipo ninapoogopa kuliko kukatika kwa ukucha. Asetoni inachemka kwenye nyuzijoto 56 tu, ndio maana ukiimwaga mkononi unasikia baridi na kufumba na kufumbua haipo. Haijapotea, imekuwa mvuke, na mvuke wake ukikutana na cheche au mwali unashika moto hata kwenye joto la kawaida bila kupashwa. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, haupandi juu kama moshi, unashuka chini na kutambaa sakafuni. Sasa angalia nyumba zetu, jiko la mkaa liko wapi? Liko sakafuni. Umekaa kwenye mkeka na bakuli lako la asetoni, hatua tatu pembeni dada anakaanga migebuka, mvuke unatembea chini huuoni. Kwaiyo fanya uani kivulini upepo ukiwa unapita, au chumbani madirisha wazi, mchana, jiko halijawashwa, hamna kibatari hamna mshumaa hamna anayevuta sigara. Umeme umekatika usiku? Acha, kesho ipo. Na kamwe usiipashe asetoni jikoni eti ifanye kazi haraka.

Watoto pia. Asetoni ni nyeupe kama maji na mara nyingi tunaiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, hilo lisifanyike nyumbani kwako hata siku moja. Mtoto akiinywa usimtapishe, mpeleke hospitali na chupa yenyewe. Ikiingia machoni osha kwa maji safi yanayotiririka kama robo saa alafu nenda ukaonwe. Vyombo vya plastiki nyepesi inavilainisha, meza yenye vanishi inaibabua, kwaiyo tumia bakuli la kioo, la udongo au la stili, na tandika kanga kuukuu ya pamba chini.

Haya tuanze na jeli ya rangi maana ndo wengi. Nawa mikono, kausha, kama ni ndefu punguza urefu kwanza kwa mkasi wa kucha. Chukua tupa, ile msasa wa kucha, namba 180 inatosha, usichukue ile ya 80 au 100 ya kusagia akriliki. Sugua juu mpaka mng'ao wote uishe, ile topu, tabaka la juu kabisa linalong'aa, ndo mlango, ukiiacha imefungwa asetoni itakaa nje inazunguka tu. Ila unasugua topu, huchimbi kisima. Ukiona joto kwenye kidole au ukaanza kuona mistari ya ukucha wako, umepitiliza. Vaa barakoa hapa, vumbi lake sio la kuvuta.

Paka vaselini kwenye ngozi kuzunguka ukucha, pembeni na chini ya ncha, usipake juu ya jeli maana mafuta yanazuia asetoni isiingie. Kata pamba vipande vya saizi ya ukucha, sio mabonge, chovya, weka juu, funga na foili iliyokatwa mraba kama sentimita saba, ibane vizuri kwenye ncha. Kama foili hamna, nailoni ile ya kufungia vyakula itasaidia ila foili inashika joto la mwili vizuri zaidi, na joto kidogo ndo linaharakisha. Ukitaka liongezeke funika mkono na kanga au taulo iliyopashwa juani, inatosha kabisa. Fanya mkono mmoja kwanza, ukifunga yote miwili simu itaita, mtoto atalia, utafungua kabla ya wakati.

Dakika kumi mpaka kumi na tano. Usifungue kila dakika mbili kuchungulia, kila ukifungua asetoni inaruka unaanza upya. Zikifika fungua kidole KIMOJA, vingine viache vimefungwa. Jeli ikiwa tayari utaiona imeinuka yenyewe, imepasuka pasuka, unachukua kijiti cha mbao unaisukuma kutoka kwenye mzizi kwenda kwenye ncha na inatoka bila kukubishia. Hii ndio sehemu ya kusikiliza kidole chako. Ikikataa hata kidogo, ikibaki kipande kimeshika katikati, usikwangue. Rudisha pamba mpya, dakika tano nyingine. Wengi tunaharibu hapa, umeshatoa vidole vinane vizuri, viwili vinagoma, uvumilivu umeisha unasema ngoja nikwangue tu hiki kidogo, na hicho kidogo ndo kinachoondoka na tabaka la ukucha.

Maana ukucha sio kipande kimoja kama kigae. Ni matabaka ya keratini, kitu kile kile kilichopo kwenye nywele, yamelaliana, na unene wote ni kama nusu milimita tu. Jeli imeshika tabaka la juu kwa nguvu kuliko tabaka hilo lilivyoshika lenzake la chini, kwaiyo ukivuta kinachoachia kwanza sio jeli, ni ukucha wenyewe unachanika katikati ya matabaka. Ndio ule utando wa kitunguu saumu.

Akriliki inataka subira zaidi. Kata urefu, saga unene wake upungue mpaka ubaki kama wa jeli ya rangi, alafu pamba na foili kama kawaida ila hesabu dakika thelathini, arobaini, na kila baada ya dakika kumi na tano unafuta ule ute kwa kitambaa unaweka pamba mpya. Futa hapo hapo ukishafungua, usiende kwanza kupokea simu, kwa sababu asetoni ikiruka ule uji unaganda tena kuwa akriliki na kazi inaanza mwanzo. Akriliki hizi ni ndugu wa plastiki ya meno bandia, na inasimuliwa kwamba aliyeanzisha ni daktari wa meno wa Marekani, Frederick Slack, mwaka 1954 alivunjika ukucha akautengeneza kwa vifaa vyake vya meno. Sasa kuna maji mengine ya akriliki ya bei rahisi yenye kemikali inaitwa MMA, Marekani walianza kuyachukulia hatua miaka ya 1970 baada ya watu kuumia, hayo yanakauka kuwa magumu kupita kiasi na asetoni inahangaika nayo. Ukiloweka akriliki dakika arobaini hamna kinacholainika, na harufu siku ya kubandikwa ilikuwa ya kukutoa machozi, simamisha, hiyo mpelekee fundi mwenye mashine na mkono mtulivu.

Tipsi za gundi ndo rahisi na ndo zinazonyofolewa kuliko zote. Maji ya vuguvugu, sabuni, vijiko viwili vya mafuta ya kula, loweka dakika kumi na tano mpaka ishirini, chezesha pembeni kwa kijiti taratibu uone maji yanaingia chini. Isipoachia dondoshea asetoni kidogo kwenye ukingo, super glue inalainika nayo. Na wakati nipo kwenye super glue, usiidondoshee kwenye pamba au kwenye kanga uliyovaa, ikikutana na pamba inapata joto kali la ghafla linaloweza kukuunguza.

Jeli ngumu sina njia ya kukupa ya kuiloweka maana haipo. Nyumbani unaweza kuikata fupi na kuisugua taratibu mpaka ibaki nyembamba, alafu unaiacha, unaikata kidogo kidogo inavyokua. Sio lazima itoke leo. Kama lazima itoke leo nenda kwa fundi.

Na kuna siku ambazo kweli lazima itoke leo, najua. Mama anakaribia kujifungua, wauguzi wanataka kidole kimoja angalau kiwe wazi ili kile kibanio cha kupima oksijeni kisome vizuri na rangi ya ukucha ionekane. Mwingine ni udhu, maji lazima yafike kwenye ukucha na jeli ni ukuta, tofauti na hina ambayo inaacha rangi tu haijengi tabaka, ndo maana bibi zetu Ujiji wamepaka hina maisha yote wala hawakuwa na mjadala huu. Ushauri wangu kwa hawa wote ni kupanga siku mbili kabla, usisubiri usiku wa kuamkia. Na ukijua kabisa kwamba wiki ijayo utazitoa, mwambie fundi akupake jeli ya kuloweka, asikujengee ngumu. Hilo swali moja kabla hujakaa kwenye kiti linasaidia kuliko asetoni yote ya sokoni Mwanga.

Kuna hali ambazo sitaki ujaribu mwenyewe kabisa. Ukucha umeanza kuachana na nyama na chini pameingia rangi ya kijani, hao ni bakteria wanaopenda unyevu uliofungiwa, sisi tunaoshinda tunaosha dagaa na kufua tunawapata sana pale jeli inapoinuka na maji kubaki chini yake, na kosa kubwa ni kuifunika kijani hiyo na jeli mpya. Pembeni ya ukucha pamevimba, panapiga, pana usaha. Una kisukari na kidonda kwenye kidole. Hapo ni hospitali kwanza. Pia kama kila ukipaka jeli ngozi ya kuzunguka kucha inawasha, inatoa malengelenge, inapasuka, hata kope zinavimba, hiyo ni aleji ya kemikali za methakrileti zilizopo kwenye jeli. Chama cha madaktari wa ngozi cha Uingereza kilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2018, hasa kwa wanaojipaka nyumbani jeli mbichi ikagusa ngozi. Aleji hii ikikushika kawaida haiondoki, na kemikali za familia hiyo hiyo zinatumika kwa daktari wa meno, kwaiyo ukiona dalili acha jeli na umwambie daktari.

Baada ya kutoa usishtuke ukiona kucha zimepauka na zina mabaka meupe, asetoni imekausha maji na mafuta yake, nyingi zinarudi zikipata mafuta. Osha kwa sabuni, pitisha bafa, ile tupa laini ya kusawazishia, kidogo sana, namba 240, sio kila siku, siku hiyo tu. Alafu mafuta. Mimi napenda mafuta ya mise, yale yanayotoka kwenye kokwa la mchikichi, tunayo hapa hapa na hayatii rangi kama mawese, ya nazi pia mazuri. Paka asubuhi na usiku, kwenye ukucha na kwenye ngozi ya mzizi. Hayakuzi ukucha haraka, nisikudanganye, yanaufanya upinde badala ya kuvunjika. Kata fupi. Vaa glovu ukifua.

Wanasema pia kucha zipumzishwe zipumue. Ukucha haupumui, ukishatoka nje ya ngozi ni kitu kisicho na uhai kama unywele, chakula na hewa yake vinakuja na damu kule kwenye mzizi. Mapumziko yana faida nyingine, sehemu iliyochanika inapata muda wa kusogea mbele na kukatwa bila kusagwa tena. Ukucha wa mkono unaenda kama milimita tatu kwa mwezi, kwaiyo kuubadilisha wote kutoka mzizi mpaka ncha ni miezi minne hadi sita. Wa mguu ni mwaka na zaidi. Hakuna kitunguu wala dawa ya kufupisha hapo.

Mdogo wangu usiku ule nilimfungulia vidole saba vilivyobaki kwa pamba na foili, tulikaa uani mpaka karibu saa tano, taa ya umeme nje, hakuna aliyewasha jiko. Saba vilitoka safi. Vile vitatu nikavikata fupi, nikavipaka mise, kesho yake akaenda kazini na glovu zinamuuma. Kidole cha kati ndo kilipona mwanzo maana huwa kinakua haraka kuliko vingine, alafu cha shahada. Juzi kapita nyumbani na kikasha cha dagaa, ni mwezi wa tano tangu usiku ule, kabla hajakaa akanyoosha gumba. Mstari wa mabaka umefika ukingoni kabisa, umebaki mwembamba kama uzi. Nikamletea mkasi akaukata mwenyewe.